Miungu ya Bi. Solveig

Mwezi wa Agosti mwaka 2006, Bi. Solveig Haugen alipigwa na kiharusi akimwagilia nyanya zake nyuma ya nyumba, kule Germantown, Maryland. Mkono wa kulia ulilegea. Mguu ulirudi polepole kwa mazoezi, lakini maneno hayakurudi. Alikuwa na miaka sabini na minne, mstaafu wa maktaba ya shule, mwanamke aliyezoea kusema na kusikilizwa. Sasa akitaka maji alisema "kijiko." Akitaka blanketi, kijiko. Na kwa kuwa akili yake ilikuwa timamu, kila mara alijua amekosea, akafumba mdomo na kugeukia ukuta.

Alikaa na bintiye Audrey, aliyefanya kazi ofisini mjini Washington na kutoka alfajiri kuwahi treni. Ndipo alipoajiriwa Chepngetich.

Chepngetich alikuwa mama wa makamo kutoka pande za Bomet, na huu ulikuwa mwaka wake wa sita akiwatunza wazee majumbani mwao. Aliishi Langley Park na mumewe Kipkemboi, na kila asubuhi alipanda mabasi mawili na treni ya chini ya ardhi hadi Germantown. Jumapili aliongoza sifa katika ushirika wa Wakenya uliokutana mchana kwenye ukumbi wa kuazima, chini ya Pasta Festus Ndirangu. Sauti yake ilijulikana. Watu walisema Chepngetich akianza wimbo hata mtoto mchanga huacha kulia.

Mwezi wa Oktoba bima ilikataa kuendelea kumlipia Bi. Solveig mwalimu wa usemi. Yule mwalimu, siku ya mwisho, alimwachia Chepngetich ubao mdogo mweupe na kalamu. Akamwagiza aandike siku na tarehe kila asubuhi, amsomee mgonjwa, kisha amwombe arudie. Chepngetich alifanya hivyo Jumatatu, akajibiwa kijiko. Jumanne na Jumatano alijibiwa kijiko. Siku ya nne akaandika kwa herufi kubwa, akasoma, "Thursday."

"Thor," akasema Bi. Solveig.

Lilitoka wazi, bila kusitasita. Kikongwe mwenyewe alishtuka, akaushika mdomo wake kwa mkono mzima wa kushoto kama aliyetema kitu bila kutaka. Chepngetich akasoma tena, akajibiwa vilevile. Kesho yake akaandika Friday, na kikongwe akasema, "Frigg," huku akicheka kwa mara ya kwanza tangu Chepngetich aingie nyumba ile.

Jioni hiyo Audrey aliporudi alielezwa, na badala ya kufurahi akaketi kwenye kiti cha jikoni bila kuvua koti. Alisimulia kama anayetoa siri ya ukoo. Babu yake, baba wa Bi. Solveig, alikuwa mchungaji wa Kilutheri kule Minnesota. Lakini Bi. Solveig mwenyewe, alipofika miaka arobaini na kufiwa na mume, aliliacha kanisa akaifuata dini ya zamani ya wazee wa wazee wake. Ni dini ya watu wa kaskazini ya Ulaya kabla hawajabatizwa, na wapo wachache wanaojaribu kuifufua. Majina ya miungu ile yamebaki ndani ya siku za Kiingereza. Tyr yumo Jumanne, Odin Jumatano, Thor Alhamisi, Frigg Ijumaa. Audrey alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili wakati huo. Wenzake waliimba kanisani Krismasi, yeye alisimama kwenye theluji akishika pembe ya ng'ombe ya kunywea pombe ya ibada.

Kisha akaongeza jambo jingine. Alikuwa amepata nafasi katika makao ya wazee huko Minnesota, karibu na mjomba wake, na angempeleka mama yake mwezi wa Januari. Hakuweza kuendelea kumwacha peke yake, kati ya yeye kutoka alfajiri na Chepngetich kufika, mtu asiyeweza hata kuita msaada kwa simu. Mama yake alikuwa hajaulizwa. Angeulizwaje, alisema Audrey, na angejibu nini?

Chepngetich alirudi nyumbani na uzito wa mambo mawili. Tangu utoto alifundishwa kwamba miungu ya kale ni mlango wa shetani, na sasa alikuwa amekaa siku mbili akiwaitisha kwa majina yao asubuhi asubuhi. Hata hivyo alikuwa mfanyakazi aliyeijua kazi yake. Aliona wazi kwamba mlango mmoja ulikuwa umefunguka katika kichwa cha yule mama, na hapakuwa na mwingine.

Alijaribu kutafuta mwingine. Kwa kuwa Bi. Solveig alikuwa mtoto wa mchungaji, Chepngetich alimwimbia nyimbo za dini, moja baada ya nyingine, kwa Kiingereza. Kikongwe alizifuata kwa mluzi hafifu, akaligonga goti lake kwa vidole, ila maneno hayakuja. Mwishoni alitikisa kichwa kwa upole, akanyoosha mkono kuelekea rafu ya vitabu. Pale palikuwa na daftari la jalada la buluu, limeandikwa kwa mkono wake. Ndani mlikuwa na maneno aliyoyasema kila Desemba kwa miaka zaidi ya thelathini, wenzake walipokutana kwake kwa sikukuu ya katikati ya majira ya baridi.

Chepngetich alisoma mstari wa kwanza: "Tumesimama penye baridi, walipo..."

"...waliposimama waliotuzaa," akamalizia Bi. Solveig. Akaendelea peke yake mistari mitatu mizima, macho yakimng'aa, kabla ya kukwama.

Chepngetich akalifunga daftari. Akalirudisha rafuni.

Jumapili alibaki nyuma baada ya ibada akamweleza Pasta Ndirangu yote. Pasta hakuwa mtu wa kukemea. Alisikiliza huku akikunja nyaya za vipaza sauti, kisha akasema, "Dada, anayembeba mlevi harudi nyumbani bila harufu." Akamshauri aombe na atafute kazi nyingine, na kwa sasa asiyasome maneno yale.

Alitii kwa wiki nzima. Aliandika tarehe bila jina la siku. Aliliacha daftari rafuni. Kufikia Ijumaa Bi. Solveig alikuwa amerudi kwenye kijiko, na alasiri alikataa chakula, akaketi akiutazama ubao mweupe kama mtu anayetazama kituo ambacho basi limeacha kusimama.

Jumamosi Chepngetich alinunua kadi ya simu akampigia mama yake Bomet. Mama yake alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na Chepngetich alitarajia karipio. Alimweleza habari za mgonjwa. Kisha mama yake akaanza kusema kwa sauti ya chini, kana kwamba majirani wangesikia.

Alisimulia habari ambayo Chepngetich aliijua nusunusu tu. Chepngetich alipozaliwa, wanawake wazee walikusanyika wakawa wanaita majina ya waliokufa katika ukoo, mmoja mmoja, wakingoja mtoto apige chafya kwa jina la yule aliyerudi kwake. Yeye alipiga chafya kwa jina la mama aliyemzaa babu yake wa upande wa baba. Wapo waliodai tumbaku ya kunusa ilisaidia. Na mwanamke yule aliyemrithisha jina alikuwa na madhabahu yake ya matawi nje ya mlango, upande wa macheo, akitema mate kuelekea jua na kuomba kila asubuhi hadi alipofariki, asibatizwe. Wamisionari walipofika, wana wake waliing'oa ile madhabahu. Kanisani hatajwi.

"Mimi ni mtu wa Yesu na nitakufa hivyo," mama yake akasema. "Lakini mgonjwa akiitwa, huitwa kwa jina analolijua."

Jumatatu Chepngetich alilishusha daftari.

Walifanya kazi pamoja Novemba yote. Chepngetich aligundua kwamba maneno hutoka vizuri zaidi yakipewa mdundo, basi akawa anaushika mkono wa kushoto wa Bi. Solveig na kuugonga mezani taratibu, silabi kwa silabi, huku wakisema kwa sauti inayopanda na kushuka kama wimbo. Yeye alisoma nusu, kikongwe akamaliza. Kisha akasoma robo. Kutoka katika mistari ya daftari walichomoa maneno ya kila siku. Palipotajwa maji ya kisima chini ya mti mkuu, waliligonga neno "maji" mara ishirini, na siku moja mchana Bi. Solveig akayaomba maji, akapewa, akayanywa yote ingawa Chepngetich alihisi hakuwa na kiu sana.

Kwa kuwa hakuna awezaye kukariri maneno mwezi mzima asiulize maana yake, Chepngetich aliuliza. Majibu yalikuja vipande vipande, mengine kwa kidole juu ya kurasa za daftari. Alijua habari za mti unaoshika dunia tisa, na wanawake watatu wanaoumwagilia na kupanga majaliwa ya watu. Alijua kwamba Odin alitoa jicho lake moja apate kunywa kwenye kisima cha hekima, akaning'inia mtini siku tisa akijitoa kwa nafsi yake, mpaka akaziona herufi za kale za kuchonga. Tyr alitia mkono wake kinywani mwa mbwa mwitu kuwa dhamana, akijua utaliwa, ili wenzake wapate kumfunga mnyama yule. Miungu yenyewe hufa. Wanajua watakufa, wameambiwa hata vita watakavyoshindwa, na bado huamka wakaenda kazini. Hilo lilimgusa Chepngetich, aliyewahi kukesha na wagonjwa wengi. Na baada ya moto na mafuriko, ardhi huinuka tena kutoka baharini ikiwa mbichi, na watu wawili waliojificha ndani ya mti hutoka wakaanza upya.

Siku moja aliuliza nani aliyaandika haya, kwa kuwa katika daftari palikuwa na maelezo kwamba watu wale wa kale hawakuwa na vitabu vya ibada. Walichonga herufi juu ya mawe na mbao, lakini sala zao zilikaa vinywani, na mahali pao pa ibada pengi palikuwa msitu au rundo la mawe. Bi. Solveig alitafuta neno kwa muda mrefu. Akagonga meza. Akajaribu, akapotea, akarudi.

"Wakristo," akasema hatimaye. "Wakristo... waliandika."

Na ndivyo ilivyokuwa. Ukurasa wa mbele wa daftari ulieleza kwamba kisiwa cha Iceland kilikubali Ukristo kwa uamuzi wa mzee mmoja wa sheria, mpagani, aliyelala chini ya joho lake mchana na usiku akiwaza, kisha akatoka akatangaza kwamba wote wabatizwe ili nchi isigawanyike, ila anayetaka kutoa sadaka kimya nyumbani kwake aachwe. Zaidi ya karne mbili baadaye, wajukuu wa waliobatizwa, watu wa misa na sakramenti, waliketi wakaandika hadithi za miungu ambayo hawakuiabudu, zisije zikapotea. Bila wao pasingekuwa na kitu cha kufufua. Chepngetich alikaa na habari hiyo siku kadhaa. Hakuona tena haja ya kutafuta kazi nyingine.

Sikukuu ilifanyika Jumamosi, tarehe ishirini na tatu Desemba, alasiri, nyuma ya nyumba. Walikuja watu wanane: muuguzi mmoja, fundi wa mabomba na mkewe, walimu wawili, na wengineo, watu wa kawaida waliovaa makoti mazito, baadhi na nyundo ndogo za fedha, alama ya Thor, shingoni. Moto ulikuwa umewashwa ndani ya pipa la chuma lililokatwa. Audrey alisimama karibu na mlango wa jikoni, mikono mifukoni. Bi. Solveig aliketi kwenye kiti chake, na Chepngetich akasimama nyuma yake na daftari, tayari kumpa neno pale atakapokwama.

Miongoni mwao alikuwamo mgeni aitwaye Russell, aliyejiunga na kundi lile majira ya joto. Kabla hawajaanza alimsogelea fundi wa mabomba akasema, si kwa ukali, kwamba ibada hii ni ya damu na ukoo, ni ya waliozaliwa na wazee wa kaskazini. Akauliza kama mhudumu hawezi kungoja ndani.

Chepngetich alimsikia. Asubuhi yote alikuwa ameomba Mungu ampe sababu ya heshima ya kutosimama pale, na sababu ilikuwa imeletwa mpaka mbele yake. Lakini moyo ulimwasha. "Mimi sikuja kuiabudu miungu yenu," akamwambia Russell. "Nina Mungu wangu. Lakini maneno haya nimeyabeba miezi miwili, na wewe umeyabeba lini?"

Fundi wa mabomba akatazama chini. Chepngetich akaanza kuliweka daftari mapajani mwa Bi. Solveig ili aondoke. Mkono wa kushoto ukamdaka kifundo cha mkono.

"Huyu," akasema Bi. Solveig. Akapumua. Vidole vilikuwa vinagonga juu ya ngozi ya Chepngetich, silabi kwa silabi. "Huyu ni... mdomo wangu. Akitoka... natoka."

Maneno hayo hayakuwamo katika daftari. Hakuna aliyeyakariri. Kikongwe alikuwa ameyatunga mwenyewe pale pale, ya kwanza marefu hivyo tangu Agosti. Muuguzi aliuliza kwa sauti ya kawaida kama wanaweza kuanza sasa, moto usije ukazima. Russell alisimama kidogo, akaenda kwenye gari lake, akaondoka. Audrey alikuwa ametoa mikono mifukoni.

Ibada haikuwa ndefu. Bi. Solveig alikwama mara sita, na mara sita Chepngetich akampa neno. Kisha pembe ikazungushwa, na kila mmoja akamtaja marehemu wa kwao na kunywa. Ilipomfikia Chepngetich alisikia harufu ya pombe ya asali, ileile aliyokuwa akipika babu yake. Hakuinywa. Aliishika kwa mikono miwili, akasema jina la yule mwanamke aliyeomba akielekea macheo, jina ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya watu, kisha akampa pembe mwalimu aliyefuata. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Wageni walipoondoka Audrey alivuta kiti karibu na mama yake. Alimweleza habari za Minnesota, akamwuliza anataka nini, akangoja. Alingoja dakika nzima, labda mbili, bila kumsaidia. Bi. Solveig akasema, "Hapa. Nyanya." Audrey alicheka huku akifuta pua. Siku iliyofuata aliandika barua ya kuikataa nafasi ile, na mwezi wa Machi walinunua miche.

Chepngetich alimweleza Pasta Ndirangu kila kitu, hata habari ya pembe. Pasta hakupendezwa. Alimwomba asiongoze sifa kwa muda, watu wasije wakachanganyikiwa, naye akakubali, akaketi safu ya nyuma na Kipkemboi wiki baada ya wiki akiimba kwa sauti ndogo. Iliuma, lakini hakujuta. Wakati huohuo alianza kusoma jioni katika chuo cha kaunti, masomo ya kumwezesha kuwa msaidizi wa walimu wa usemi. Katika fomu palipoulizwa kwa nini ameichagua kazi hii, aliandika mistari miwili, akafuta mmoja.

Mwishoni mwa Aprili, siku ya mapumziko, Pasta alibisha hodi mlangoni kwake Langley Park. Alikuwa na mkewe, na kati yao walimshika mkono mama mkwe wa Pasta, aliyekuja kutoka Murang'a kuwaona wajukuu, akapigwa na kiharusi mwezi wa pili. Tangu wakati huo alikuwa hasemi. Kipkemboi aliwakaribisha, akatoa nguo zilizokuwa juu ya kochi, akaenda kuchemsha chai.

Pasta alieleza huku akitazama zulia. Walikuwa wamejaribu nyimbo za kanisa zote, na mama hutabasamu tu.

"Kabla ya kanisa aliimba nini?" Chepngetich akauliza. "Alipokuwa msichana?"

Mke wa Pasta ndiye aliyejibu, kwamba mama alikuwa akiwaimbia nyimbo za kupalilia mtama alizofundishwa na nyanya yake, na nyingine za ngoma za wasichana, ambazo baadaye aliziacha kwa sababu wazee wa kanisa hawakuzipenda. Yeye mwenyewe alikumbuka moja, labda mbili.

Chepngetich alimtazama Pasta, akingoja. Pasta aliinua uso akaitikia kwa kichwa.

Basi akasogeza kiti upande wa kushoto wa yule mama, akauchukua mkono wake ulio mzima akauweka juu ya meza, chini ya wake. Akamwambia mke wa Pasta aanze, polepole, na asiruke mstari hata mmoja.